Kikata kucha cha paka: kingepata nyota tatu, kama si ile simu

Paka wangu, Pili, ni wa ndani na umri umeshasogea. Kucha zake haziliki zenyewe kama za paka anayeshinda juu ya miti. Akipita kwenye zulia ananasa, na akikulalia mapajani akaanza kukanda unaweza kupiga kelele. Kwa hiyo kumkata kucha kila baada ya wiki mbili tatu ni kazi niliyoizoea. Nilikuwa naifanya kwa mkasi mdogo, mpaka nikaliona tangazo la hiki kikata kucha chenye tundu. Unaingiza ncha ya ukucha, unabana mpini, wembe unapita, imekwisha.

Mwanzoni kilifanya kazi vizuri, nisiwe mnafiki. Namsubiri Pili ashibe na kusinzia, nampakata mgongo wake ukiwa kifuani kwangu, nakibonyeza kidole taratibu juu na chini mpaka ukucha uchomoze. Ukiutazama kwenye mwanga unaiona nyama ya rangi ya waridi ndani yake. Humo ndimo mna damu na mishipa ya fahamu, hapaguswi. Unakata ile ncha iliyopinda tu, mbele kabisa, hata ukiona umekata kidogo mno. Siku hizo za mwanzo niliweza kumaliza miguu yote miwili ya mbele Pili akiwa bado anakoroma, na nilishaanza kukisifia kifaa hiki kwa watu.

Kisha wembe ukaisha makali. Sikumbuki kama hata miezi miwili ilifika. Sasa wembe butu haukati ukucha, unauponda, na ukucha wa paka una matabaka, kwa hiyo ukibanwa badala ya kukatwa unapasuka kwa urefu wake. Ikatokea kwenye ukucha mbaya kuliko yote, ule wa dole gumba, wa pembeni, usiogusa chini. Huo hausuguliki popote, na ukisahauliwa hujikunja ukaingia kwenye nyama. Ulipasuka kurudi nyuma hadi kwenye waridi. Pili alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akanichana mkono na kukimbilia chini ya kitanda, matone ya damu yakimfuata. Nilimtoa huko, nikaubandika ukucha kwenye wanga wa mahindi na kuukandamiza kidogo, damu ikakata.

Hayo yote ningeyameza, maana hakuna chuma kisichoisha makali. Nikawapigia waliouza na swali moja la kistaarabu: wembe wa kubadilisha unapatikana? Kijana aliyepokea akaniuliza kama nina uhakika najua kukata kucha. Nikamweleza kwa utulivu. Akaguna. Kisha, kwa sauti ya mtu ambaye macho yake yako kwenye jambo jingine, akasema: "Dada, kama paka mwenyewe msumbufu hivyo, si umpeleke tu akang'olewe kucha, mambo yaishe?"

Nilimwomba arudie, nikidhani simu inakwaruza. Akarudia, na akaongeza kwamba wateja wengi wanafanya hivyo. Huyu ni mtu aliyewekwa kujibu maswali ya wafugaji wa paka! Kumng'oa paka kucha si kung'oa kucha. Ukucha wake umeota kwenye mfupa wa mwisho wa kidole, na ili usiote tena daktari anauondoa mfupa huo kwenye kiungo, kidole kimoja hadi kingine, na miguu ya mbele peke yake ina vidole kumi. Ni kama mtu akatwe ncha za vidole vyote kisha aambiwe simama, tembea, kwa kuwa paka anatembea kwa vidole, si kwa wayo mzima. Wapo wanaobaki na maumivu. Wapo wanaolikimbia sanduku la mchanga kwa sababu kufukua kunauma, na wapo wanaoanza kung'ata, silaha iliyobaki ikiwa ni meno. Israel ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2011. New York ikafuata 2019, jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo. Uingereza ukimfanyia paka hivyo bila sababu ya matibabu umetenda kosa la jinai. Na mimi naelekezwa huko, eti kwa sababu wembe wao umekufa!

Nilianza kumweleza, sikufika mbali. "Sawa mama, asante kwa kupiga," akakata. Simu ilianza nikiwa dada, ikaisha nikiwa mama.

Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota tatu kichwani, mbili za mwanzo mzuri na moja ya mpini, ambao kwa kweli unakaa vizuri mkononi. Nikifika hapa naona ziwe mbili. Kwa haki, yule kijana hakutengeneza wembe, na aliyetengeneza wembe si yeye aliyenijibu ovyo. Huenda wewe utapata chenye chuma kizuri kuliko changu. Lakini nimelitazama tena boksi lake hapa mezani, limeandikwa "salama kwa rafiki yako" kwa herufi kubwa. Moja. Na hiyo ni ya mpini.

Nimerudi kwenye mkasi wangu mdogo, na ukianza kuponda naubadilisha bila kumsumbua mtu kwa simu. Pili simkandamizi wala simkamati ngozi ya shingo. Akivuta mguu naacha, kucha mbili leo, nyingine kesho, hakuna anayetukimbiza. Ule uliopasuka umeota upya, na ganda lake la zamani nililiokota chini ya ubao wake wa kukwaruzia. Ila kile chenye tundu akikiona tu mezani, anashuka kitini na kutoka chumbani.

Nimewaandikia barua pepe kuomba wanirudishie pesa. Wamejibu haraka ajabu: wananiomba niipime huduma yao ya simu, kuanzia nyota moja hadi tano.