Betri ya gari la umeme nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uikimbie

Hapa Uganda bwawa la umeme la Karuma lina megawati 600 na la Bujagali 250, lakini nguzo ikilala kwenye matope ya Novemba, sisi wa Busia tunawasha mishumaa vilevile. Kila mwenye duka la soda baridi anauliza: niweke betri gani pamoja na paneli zangu? Siku hizi swali limeota mkia. Zile betri za Nissan Leaf, zinazotolewa kwenye magari yaliyogongwa na kuuzwa nusu bei, zinafaa?

Zinafaa. Ila kwangu mimi zinakaa nafasi ya pili, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza hesabu, na tuifanye kwa yuniti, zile zile unazonunua kwa mita ya Yaka, kwa sababu ampea za kwenye lebo zimewapoteza wengi. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kwangu kuna taa sita za wati 9 kwa saa tano, runinga ya wati 80 kwa saa nne, ruta ya intaneti usiku na mchana, na friji ndogo inayokula kama yuniti 1.2 kwa siku. Jumla ni yuniti 2.1 hivi. Halafu kuna mlaji asiyeonekana: inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Ya kilowati 5 ikiwashwa tu, bila kusukuma chochote, inaweza kula wati 40. Kwa saa 24 hiyo ni yuniti moja kasoro kidogo, karibu friji nyingine. Mwaka wa kwanza sikuihesabu, nikawa namlaumu fundi bure. Kwa hiyo natafuta betri inayotoa yuniti nne hadi tano za kweli, nivuke usiku na asubuhi ya mvua. Pasi na birika havimo. Hivyo vingoje umeme wa laini, au makaa.

Ya kwanza: LFP mpya ya volti 51.2

Hii ni lithiamu ya chuma na fosfeti, seli 16 za volti 3.2 kila moja. Ya ampea-saa 100 ina yuniti 5.12 kwenye karatasi, na unaweza kutumia nne na nusu kila siku bila kuiumiza. Watengenezaji huahidi mizunguko 3,000 hadi 6,000 ya kuijaza na kuishusha. Hata tukipunguza ahadi yao kwa nusu, mizunguko 1,500 ni zaidi ya miaka minne ya kuitumia kila siku. Kemia yake haishiki moto kwa urahisi kama lithiamu nyingine, na BMS, yaani ule ubongo unaolinda seli, iko ndani tayari.

Dukani uliza mambo mawili. BMS yake inaruhusu ampea ngapi? Ya ampea 100 itasukuma kilowati 5. Ya ampea 50 itakuzimia pampu ya maji ikianza kuzunguka. La pili, inaongea na inveta yako kwa waya wa mawasiliano, au mtategemea kukisia volti? Kisha omba mizani. Usicheke. Betri ya kweli ya yuniti 5 za LFP huwa na kilo 40 hadi 50. Ukiinyanyua peke yako kama kreti ya soda, humo ndani kuna hewa.

Ya pili: moduli za Leaf, ukijua zilikotoka

Leaf ya mwanzo, ile ya yuniti 24, ina moduli 48. Kila moja ni kibati bapa chenye seli nne ndani, volti kama 7.5 na nusu yuniti ilipokuwa mpya. Ukiunganisha saba mfululizo unapata volti 52 hivi, zinazokubaliana na inveta ya volti 48. Safu mbili za saba zilikuwa na yuniti 7 zikiwa mpya. Zikibaki na asilimia 70 unapata 4.9, nazo ni nyingi kwa nyumba kama yangu.

Sasa niseme yaliyonipata. Nilinunua moduli 14 kwa mtu mmoja Kampala bila kuona gari lenyewe. Akaniambia, "Mzee, hii ni mali ya Japani, haina shida." Mbuzi kwenye gunia. Voltimita ilionyesha zote zinalingana, na mimi nikaridhika. Lakini volti za betri iliyopumzika ni kama mtu aliyekaa kwenye kiti: hutajua kama ni kilema mpaka asimame. Tulipozitia mzigo, moduli tatu zilianguka kabla ya saa moja, na kwa kuwa zimefungwa mfululizo, zikakokota zile nzima chini pamoja nazo. Moja ilikuwa imeanza kuvimba tumbo. Fundi wangu aliigusa kwa kidole, akanitazama, akasema, "Mzee, hii tuitoe nje leo, isilale humu." Ililala uani, juu ya tofali, mbali na kuku.

Kwa hiyo nunua ukiwa umeliona gari kabla halijafunguliwa. Dashibodi ya Leaf ina baa 12 za afya ya betri, na baa 9 ni takriban asilimia 70. Baa peke yake hazitoshi, kwa sababu wapo wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri ili baa zote 12 zirudi kwa muda. Programu ya simu iitwayo LeafSpy, ikiwa na kidude cha kuchomeka chini ya usukani, inakuonyesha volti za kila jozi ya seli. Tazama tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini gari likiwa linapanda mlima, si likiwa limeegeshwa. Na jua kwamba betri ya Leaf hizo za zamani haina maji ya kuipoza, kwa hiyo joto ndilo lililoizeesha.

Kama gari limeshafunguliwa, dai jaribio la mzigo. Chaji moduli saba zilizofungwa mfululizo hadi volti 57.4, funga taa za halojeni za wati 500 kupitia inveta, na uzime zikifika 48. Moduli zenye asilimia 70 zitakupa kama saa tatu na nusu. Zisipofika saa tatu, muage mwenye mali kwa heshima uende.

Kuziunganisha ni kazi ya fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme, aliyewahi kugusa lithiamu. Unahitaji BMS ya seli 14, si ile ya LFP ya seli 16. Kila moduli ina nguzo tatu za kufungia nyaya, na ile ya katikati ndiyo ya waya wa BMS. Nimeona wakiiacha wazi wakidhani ni ya ziada. Moduli zifungwe kwa bamba na boliti zibanane kama zilivyokuwa kwenye gari. Kwenye inveta, zima ile chaji ya kusawazisha ya betri za asidi, maana hupandisha volti kupita kiasi, na betri hizi hazisamehi. Ziwekwe kwenye stoo ya matofali yenye hewa, si chini ya kitanda, si kwenye korido ya kutokea, wala juu ya dari ambako mabati huoka mchana kutwa.

Kanuni yangu ya bei: jumlisha moduli, BMS, fyuzi, nyaya nene, sanduku na ujira wa fundi. Jumla ikizidi asilimia 60 ya bei ya LFP mpya yenye yuniti sawa, nunua mpya.

Ya tatu: betri za asidi, jeli au AGM (asidi iliyonyonywa na mkeka)

Nne za volti 12, ampea-saa 200, zina yuniti 9.6 kwenye lebo, lakini ukizishusha chini ya nusu unazifupishia maisha. Zibebe kama 4.8. Ugonjwa wao hasa ni kubaki na njaa: wiki ya mawingu bila kujaa, risasi inaganda sulfeti na uwezo haurudi. Sifa yao ni kwamba fundi wa Kotido na wa Kisoro wote wanazijua, na zikifa mnunuzi wa chuma chakavu atazifuata mpaka mlangoni.

Ya nne: gari lenyewe

Baadhi ya magari mapya, kama BYD Atto 3 au Hyundai Ioniq 5, yana soketi ya kutolea umeme, kilowati tatu na kitu. Betri ya Atto 3 nyingi ina yuniti 60 hivi, yaani nyumba yangu kwa zaidi ya wiki mbili. Kama gari unalo tayari, nunua waya wake na swichi ya kugeuzia, ili umeme wako usirudi kwenye laini na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Kulinunua kwa ajili hiyo tu, hapana. Siku utakayokwenda nalo Mbale, friji inabaki na joto.

Za kukimbia

Betri ya Toyota Prius ya kizazi cha pili: volti 201.6, lakini yuniti 1.3 tu. Ni haibridi, kazi yake ni kusukuma gari sekunde chache. Wauzaji wengine huiita "betri ya gari la umeme" bila kupepesa macho.

Betri ya bodaboda ya umeme inayouzwa kichochoroni. Zile za kubadilishana vituoni, kama za Zembo au Spiro, ni mali ya kampuni, mwendeshaji hulipia matumizi tu. Anayekuuzia hana cha kuuza, na atakayetafutwa baadaye ni wewe.

Na pakiti nzima ya Leaf, isiyofunguliwa, yenye volti 360 za mkondo mnyoofu. Kijana mmoja wa jirani alitaka kuifungua kwa spana ya chuma, mkononi amevaa saa ya chuma. Mama yake alimwita ndani akale kwanza, na alipotoka, fundi wangu alikuwa amekwisha kukalia kifuniko.