Vifaa vya mazoezi vya kubeba safari za kikazi: nini ununue kwanza

Huu ni mwaka wa sita nazunguka mikoani kikazi: wiki hii Dodoma, ijayo Singida, nyingine Mwanza. Mazoezi safarini hayakatizwi na uvivu. Yanakatizwa na kufika gesti saa mbili usiku, nje hakuna taa, mji huujui, na semina inaanza asubuhi mapema. Kwa hiyo kila kifaa hapa nimekipima kwa swali moja: usiku kama huo kitatumika, au kitabaki kwenye begi?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli. Nusu saa kwa siku tano inafikisha 150, na chumba cha gesti kinatosha.

1. Mpira mrefu wa kuvuta

Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua huu. Ni ule wa duara, unaofika kama mita moja ukiulaza. Ukiukanyaga na kuuvuta juu, mikono na mabega vinafanya kazi; ukiupitisha mgongoni, pushapu inakuwa nzito; ukimaliza unaukunja, unaingia ndani ya kiatu. Chukua miwili, mwepesi na mzito. Usichague kwa rangi, maana kila kiwanda kina rangi zake. Uvute palepale dukani mara kumi na mbili. Ukiona mwishoni mikono inatetemeka kidogo, huo ndio wako.

Kisha uutazame kwa karibu. Vuta kipande kidogo mbele ya mwanga, geuza pande zote. Ukiona vistari vyembamba kama nyufa za kisigino, uache, hata ukipunguziwa bei. Mpira unaharibiwa na jua na mafuta. Wangu wa kwanza niliusahau juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa. Siku ya tatu ukakatika nikiuvuta, ukanichapa paja mpaka pakavimba. Ungeweza kunipiga jichoni. Tangu hapo sivuti kabla ya kuupitishia vidole wote, nami nakuomba sana ufanye hivyo.

Ile yenye vishikio ni rafiki wa viganja, lakini hukatikia pale mpira unapoungana na kishikio. Midogo ya kuvaa magotini inafaa kwa mapaja na makalio, basi.

2. Kamba ya kuruka

Bei yake ndogo kuliko vyote, na dakika kumi tu jasho linatiririka. Ikanyage katikati kwa mguu mmoja, vuta vishikio juu: vikifika kwapani, urefu ni wako. Chukua ya plastiki. Ya waya ina kasi, ila ikikugonga kifundoni hutaishika tena. Ukiwa ghorofani wa chini hatalala, hivyo ruka uani alfajiri. Ukimwomba mwenye gesti jioni, mara nyingi hana neno.

3. Raba

Wengi wangeziweka za kwanza. Lakini kukimbia kunataka barabara unayoijua, na kwa sisi wanawake, mji mgeni saa kumi na moja alfajiri si jambo dogo. Ila Mwanza, kukipambazuka kando ya ziwa, hakuna kinachozishinda. Mtumba unafaa, bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama ubao imekwisha. Zijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za kutwa.

4. Kamba za kuning'iniza mlangoni

Nzuri kweli kwa mgongo, lakini ni ghali na zinategemea mlango. Sharti mlango ufungukie upande wa pili, si kwako, ili ukivuta uzidi kujibana. Vyumba vingi vya gesti mlango hufungukia ndani, na vitasa vingine vimelegea. Nunua kama unafikia hoteli ileile kila mara.

5. Mkeka

Unajaza begi. Tandika taulo, juu yake khanga. Kwa tumbo na kunyoosha viungo inatosha.

Usinunue: dambeli za kujaza maji

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hata zikijaa hazifikii uzito wa begi lako la nguo. Linyanyue begi lenyewe.