Family Link kwenye simu ya mtoto: afadhali kubana programu moja moja kuliko simu nzima

Family Link ni programu ya Google iliyotolewa mwaka 2017, haina malipo, na humwezesha mzazi kuamua akiwa kwenye simu yake mwenyewe ni programu zipi mtoto azifungue, azitumie kwa muda gani, na simu ifungwe saa ngapi usiku. Nyumbani kwangu imefungwa kwenye simu ya binti aliye darasa la sita, ambaye wakati wa masomo huishika kwa nadra, lakini likizo za Juni na Desemba zikifika hukaa nayo kutwa nzima. Ninaipendekeza, ingawa kwa namna fulani tu ya kuitumia. Ninawafahamu wazazi walioiweka, wakapanga kikomo cha saa mbili kwa simu nzima, kisha wakaiondoa baada ya muda mfupi kwa kuwa ilizaa ugomvi kila jioni, na wote wanasema kwamba programu hii haifai. Naamini ingewafaa kama wangeanzia kwenye mpangilio mwingine uliomo humo humo ndani.

Kwanza niseme kuhusu kuiweka, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Simu ya mtoto sharti iwe ya Android, na ndani yake iwemo akaunti ya Google ya mtoto mwenyewe, iliyofunguliwa kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Kwa hapa kwetu simu ya mtoto aghalabu ni ya kurithi: shangazi au mama mdogo amenunua mpya, ile ya zamani inashuka kwa mtoto ikiwa bado na akaunti ya mwenyewe, picha zake na namba zake. Katika hali hiyo jambo la busara ni kumwomba mwenyewe aondoe akaunti yake, kisha simu irudishwe katika hali ya kiwandani kabla ya kuingiza akaunti ya mtoto, kwa maana akaunti ya mtu mzima ikibaki humo usimamizi wote unakuwa na tundu. Mzazi anaweza kutumia Android au iPhone kusimamia, ila simu ya mtoto ikiwa iPhone Family Link haiwezi kuifunga, na badala yake utatumia kipengele cha Apple kiitwacho Screen Time, kilichokuja na iOS 12 mwaka 2018.

Sasa nije kwenye kiini. Vikomo vikuu vya Family Link ni vya aina tatu: kikomo cha siku kwa simu nzima, saa za kulala ambazo simu hujifunga hadi asubuhi, na kikomo cha programu moja moja. Mzazi mgeni huvutiwa na kile cha kwanza kwa kuwa ni chepesi kukielewa na huonekana cha haki. Tatizo lake ni kwamba kinahesabu kila kitu kwa kipimo kimoja. Dakika thelathini za kusoma kitabu cha kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania zinakatwa kwenye fungu lile lile la dakika thelathini za kukwepa treni kwenye mchezo wa Subway Surfers. Mtoto ni mwepesi wa hesabu katika mambo kama haya, na akishajua kwamba ana saa mbili tu kwa siku, huanza na mchezo, huendelea na video, na kitabu hukiacha mwisho, ambapo muda umekwisha na anayo sababu nzuri ya kutokisoma. Kikomo kilichokusudiwa kupunguza mchezo kinaishia kupunguza kusoma.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha kikomo cha siku, au kukiweka kirefu kiasi cha kutoonekana, na kazi yote kuihamishia kwenye programu mbili au tatu ambazo kweli ndizo zinazomla mtoto muda. Mchezo upewe nusu saa, video zipewe dakika 45, na kamusi, kikokotoo na vitabu viachwe wazi. Zipo pia programu unazoweza kuziweka kwenye kundi la zinazoruhusiwa wakati wote, na hizo hazihesabiwi kabisa. Humo mimi nimeweka ile ya kupigia simu na ya kusomea. Muda wa mchezo ukikaribia kwisha mtoto hupata tahadhari, na ukiisha aikoni ya mchezo hufifia na kuwa ya kijivu, lakini simu yenyewe inaendelea kuwa simu. Tofauti yake kwa amani ya nyumbani ni kubwa. Simu inapofungwa yote, mtoto hana pa kwenda ila kwa mzazi kulalamika, lakini kinapofungwa kitu kimoja tu, hugeukia kingine, na mara nyingi hicho kingine ni kile ulichotaka akifanye tangu mwanzo. Saa za kulala, kwa upande wake, nazitetea bila shaka yoyote, na naziweka mapema kuliko saa halisi ya kulala ili simu isiwe kitu cha mwisho anachokitazama. Hata simu ikiwa imefungwa mtoto anaweza kupokea simu inayoingia na kupiga ya dharura, hivyo hofu ya kwamba hatapatikana haina msingi.

Sehemu ya pili inayonifurahisha ni idhini ya kupakua. Mtoto akitaka programu kwenye Google Play, ombi hufika kwenye simu ya mzazi likiwa na jina, picha, umri unaopendekezwa, na maelezo kama ndani yake kuna matangazo au vitu vya kununua. Niliwahi kuletewa ombi la programu ya tochi. Simu ile ina tochi yake, na ukurasa wa programu ulisema wazi kwamba ina matangazo, nilipomuuliza, binti alijibu, "Mama, hii inamulika kwa rangi." Tulizungumza kwa dakika mbili, akaelewa ni nani anayelipia zile rangi na kwa njia gani, na ombi nikalikataa. Naona mazungumzo ya namna ile yana thamani kuliko kizuizi chenyewe, na bila ombi kunifikia yasingetokea. Chagua mpangilio unaotaka idhini kwa kila kitu, si kwa vya kulipia peke yake. Zingatia pia kwamba programu ambayo mtoto aliwahi kuipakua akaifuta anaweza kuirudisha bila kukuomba tena, na masasisho nayo hayaombewi idhini. Ukitaka programu isirudi, kuifuta hakutoshi, bali uizuie kwenye orodha ya programu zake.

Mianya ipo, na mzazi asiyeijua atadhani amefunga mlango ilhali dirisha li wazi. Wa kwanza ni kivinjari. Ukizuia programu ya TikTok, tovuti ya TikTok bado inafunguka kwenye Chrome, hadi uingie kwenye mipangilio ya Chrome ndani ya Family Link na kuizuia hiyo tovuti pia, au uchague kwamba mtoto afungue tovuti ulizoziidhinisha pekee. Vizuizi hivyo vya tovuti vinahusu Chrome, wala havihusu vivinjari vingine, na simu nyingi zinazouzwa Kariakoo huja na kivinjari cha pili kilichokwisha kuwekwa, kama Phoenix kwenye simu za Tecno na Infinix. Izuie. Katika simu hizo hizo, na za itel, kuna pia duka jingine la programu liitwalo Palm Store, ambalo halipiti kwenye idhini ya Google Play. Hilo nalo lizuiwe siku ile ile ya kwanza. Mwanya wa tatu ni kurushiana mafaili. Watoto hupeana michezo kwa Xender au Bluetooth bila kutumia hata shilingi ya bando, na mchezo uliofika kwa njia hiyo haujapita dukani kabisa. Family Link ina swichi ya kuruhusu usakinishaji kutoka vyanzo visivyojulikana, na ni muhimu uihakikishe imezimwa, kwa sababu ikiachwa wazi, idhini yote niliyoisifu hapo juu inabaki ya hiari.

Jambo la bando linastahili aya yake, maana maelezo mengi ya programu hii yameandikwa kwa watu ambao simu zao haziondoki kwenye intaneti. Vikomo ulivyokwisha kuviweka vinafanya kazi hata simu ya mtoto ikiwa haina data. Kisichofanya kazi ni agizo jipya: ukiongeza muda, ukifungua programu, au ukitaka kuona simu iko wapi, hakuna litakalotokea hadi simu ya mtoto ipate mtandao. Mtoto akienda kwa bibi yake Moshi na bando likaisha, mzazi aliyeko Dar es Salaam atabofya bila matokeo. Dawa yake imo ndani ya programu, na sioni wengi wakiitaja: kuna namba ya siri ya mzazi inayobadilika kila saa, nayo inakubaliwa na simu ya mtoto hata pasipo intaneti. Mzazi humpigia bibi simu ya kawaida, akamsomea tarakimu, bibi akaziingiza mwenyewe, simu ikafunguka. Nasisitiza kwamba aingize bibi, kwa kuwa kumpa mtoto namba ile ni kumpa mamlaka yote ya mzazi kwa muda huo.

Family Link haisomi ujumbe wa mtoto wala haisikilizi simu zake, na mimi nashukuru kwamba haifanyi hivyo. Mzazi anayetafuta chombo cha kupeleleza hatakipata humu. Anachokipata ni orodha ya programu na dakika zilizotumika kwa kila moja, na hiyo ninaitazama pamoja na binti, simu ikiwa katikati yetu, si peke yangu nikiwa kazini. WhatsApp na TikTok zimezuiwa kwake kwa sasa, na hilo halikuhitaji mabishano marefu, kwa sababu masharti ya kampuni zenyewe yanataka mtumiaji awe amefikisha angalau miaka 13.

Hayo yote yanamhusu mtoto mwenye simu yake. Katika nyumba ambamo mtoto anaazima simu ya mzazi, Family Link haina msaada mkubwa, kwani huwezi kuiweka simu yako chini ya akaunti ya mtoto. Hapo kinachofaa ni kipengele kilichomo kwenye Android tangu toleo la 5.0 la mwaka 2014, nacho ni kubandika programu. Hukaa kwenye mipangilio ya usalama, na ukishakiwasha, unafungua hadithi au mchezo, unaenda kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa karibuni, unagusa aikoni yake na kuibandika. Kuanzia hapo mtoto hatoki kwenye ile programu hadi mwenye simu aweke namba yake ya siri, mradi uliwasha sharti la kudai namba hiyo. Kwa mtu ambaye simu yake imebeba akaunti ya benki, M-Pesa na barua pepe za ofisini, nakiona hiki kuwa cha lazima kuliko programu yoyote ya kupakua. Udhaifu wake ni kwamba programu iliyobandikwa inaweza kufungua nyingine kupitia kiungo au tangazo, kwa hiyo bandika kile ambacho hakina matangazo. Zile programu za kufunga programu nyingine zinazopatikana bure dukani sizipendekezi, kwani nyingi huomba ruhusa ya ufikivu, na ruhusa hiyo huziwezesha kuona karibu kila kinachopita kwenye kioo cha simu, zikiwemo namba za siri.

Kwa mtu mzima anayetaka utulivu wa kufanya kazi, Android ina Nidhamu ya Kidijitali (kwa Kiingereza Digital Wellbeing), iliyoanza na Android 9 mwaka 2018. Unaipangia programu dakika zake za siku, zikiisha inajifunga hadi usiku wa manane; na kuna hali ya umakini, ambayo huzima kwa pamoja zile programu ulizozitaja kuwa za kukuvuruga na kunyamazisha arifa zake kwa saa ulizopanga. Hali hii ya pili naiona bora, hasa ikipangiwa ratiba ijiwashe yenyewe saa za kazi, kwa maana kikomo cha dakika hukukuta tayari umeshaingia, na kukiondoa ni suala la kugusa mara mbili tatu. Wenye iPhone wana nafuu kidogo hapa: kikomo cha Screen Time kinaweza kufungwa kwa namba ya siri, na namba hiyo ikiwekwa na mume, mke au ndugu unayeishi naye, inakuwa vigumu kwako kukivuka. Nidhamu ya Kidijitali haina kitu kama hicho kwa mtu mzima, na ndicho ningeomba Google wakiongeze kabla ya kingine chochote.