Chakula cha mtoto mdogo kwenye bustani ya michezo: kubeba au kununua?

Kwa gharama, kubeba kunashinda kwa mbali, mradi ubaridi usikatike. Gandisha chupa mbili za maji usiku, kisha uzilaze juu na chini ya mtindi na mayai ya kuchemsha. Barafu ikishayeyuka na joto likapita nyuzi 32, vyakula hivyo visikae zaidi ya saa 1. Zabibu zikate vipande vinne kwa urefu. Nzima hukwama kooni. Vyombo vya glasi acha nyumbani, bustani nyingi huvizuia mlangoni.

Kununua kunafaa kwa mlo mmoja wa moto. Agiza sahani ya mtu mzima, omba nyingine tupu, umgawie mtoto. Nenda kabla ya saa sita, foleni ingali fupi.