Aix-les-Bains: mji mzuri, mapokezi yameniudhi

Jamani Aix-les-Bains ni pazuri, natanguliza hilo mtu asije akasema nina chuki na Wafaransa, lakini nina hasira mpaka leo. Nilimpeleka shangazi kwenye maji ya moto ya salfa sababu ya magoti yake, maana mji wenyewe ndo sifa yake hiyo, watu wa baridi yabisi wanaenda kujitibu pale toka enzi za Warumi, hata Malkia Victoria wa Uingereza alienda 1885 na akarudi tena.

Basi tumefika mapokezi, shangazi akasalimia vizuri kabisa, dada wa kaunta hata hakuitikia, akanigeukia mimi: "Huyu anaelewa Kifaransa?" Shangazi! Mama aliyefundisha Kifaransa Bujumbura mpaka amestaafu! Akamjibu mwenyewe kwa Kifaransa kilichonyooka na yule dada bado anaongea na mimi tu, mwambie avae kofia ya kuogelea, mwambie asubiri pale, mwambie, mwambie, kama vile mtu mzima wa watu hayupo. Kiti hakupewa, na magoti yanamuuma.

Nikataka turudishiwe hela tuondoke, shangazi akakataa, "Tumeshalipa mwanangu, twende." Tukaingia. Na siwezi kudanganya, yale maji ni matamu, alikaa humo mpaka akaacha kulalamika, na jioni alitembea mwenyewe hadi kwenye ule Upinde wa Campanus, tao la mawe ambalo Mrumi mmoja aliwajengea ndugu zake na bado limesimama katikati ya mji, watu wanapita tu na mikoba yao ya sokoni. Alafu Lac du Bourget! Ni moja ya maziwa ya asili makubwa kabisa ya Ufaransa, milima inashukia kwenye maji ng'ambo ya pili, shangazi akasema ndo Tanganyika hii, unatazama milima ya Kongo ukiwa Bujumbura.

Kwa hiyo mji nendeni, kweli nendeni. Pale kwenye maji nilikuwa nimeapa sirudi, sasa shangazi anataka twende tena kabla ya baridi, na akitaka nitampeleka, ila safari hii namuita msimamizi kwanza kabla sijatoa hata senti, na atamsalimia shangazi yangu.