Umra kutoka Mtwara: ndege isiyotua au ya kuunganisha?

Korosho zikishapigwa mnada na malipo yakaingia, simu yangu haikai kimya. Mara wa Tandahimba, mara wa Nanyamba, mara wa Mikindani, na swali ni lile lile: nataka kumpeleka Mama Umra mwaka huu, nikate ndege ya moja kwa moja au ya kuunganisha? Wakala kamwambia ya moja kwa moja ni ghali. Jirani kamwambia ya kuunganisha ni mateso. Nami huwa namuuliza: wewe unaanza kuhesabu wapi?

Maana sisi wa huku kusini ndege ya moja kwa moja hatuna. Anayetoka Mtwara ameshaunganisha mara moja kabla hajaiona hata ndege ya Jeddah, ambako mwenye Umra hushukia kwenda Makka. Wa Dar akisema "moja kwa moja" anahesabu kutoka kwake Tabata. Wewe hesabu kutoka mlangoni kwako, na ukihesabu hivyo utaona kwamba kiungo cha hatari kuliko vyote hakiko Addis wala Doha. Kiko Dar.

Nalijua hilo kwa kulilipia. Mwaka niliompeleka Mama, miaka sabini na moja, magoti yote mawili hayana raha, nilikata tiketi mbili mbalimbali: moja ya Mtwara–Dar, nyingine ya Dar–Jeddah, siku hiyo hiyo, katikati nikaacha saa sita. Nikajiona mjanja, nimeokoa hela ya kulala. Ndege ya kutufuata Mtwara ikachelewa kuondoka Dar. Ikachelewa tena. Tulipotua, tukasubiri begi, tukatafuta teksi ya kututoa jengo la pili, la ndege za ndani, hadi la tatu, la ndege za nje, kaunta ilikuwa imefungwa dakika ishirini zilizopita. Dada wa pale alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, tiketi hii na ile hazijuani." Mama kakaa juu ya begi, tasbihi mkononi, ananiuliza, "Kwani mwanangu, haiwezi kutungoja kidogo?" Tulilipa faini ya kubadilisha, tukakaa siku tatu Mbagala kwa shemeji.

Hazijuani. Neno hilo ndilo linalopanga orodha yangu yote ya njia za kwenda, kuanzia iliyo bora hadi ya kuepukwa. Tiketi zikiwa kwenye nambari moja ya bukingi, kuchelewa kwa ndege ya kwanza ni mzigo wa kampuni, na ni wajibu wao kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, ya pili ikikuacha imekuacha.

Jambo moja la lugha kabla sijaanza kupanga. Mawakala hulitumia "moja kwa moja" kwa maana mbili. Kuna ndege isiyotua popote, na kuna ile yenye nambari moja ya safari lakini inatua njiani, inashusha, inapakia, inaendelea. Ndege kadhaa za nje zinazotoka Dar hupitia Kilimanjaro au Zanzibar kuchukua watu. Hushuki, lakini saa moja na ushei imekwenda. Kwa hiyo usiulize "ni ya moja kwa moja?" Uliza "inatua wapi na wapi?"

Ya kwanza: kulala Dar, kisha ndege isiyotua hadi Jeddah

Kwa mzee, kwa mgonjwa wa sukari au presha, na kwa anayepanda ndege mara ya kwanza maishani, hapa sibishani na mtu. Mtwara hadi Dar ni kama saa moja angani. Dar hadi Jeddah ni saa tano hivi, mara nyingi pungufu. Kampuni ya ndege ya Saudia ilianza kuja Dar mwaka 2023, lakini si ya kila siku, na ratiba hubadilika. Kwa hiyo anza na siku ya ndege ya Jeddah, halafu rudi nyuma: ndege ya Mtwara iwe ya siku moja kabla, si asubuhi yake. Gesti ya Dar iingize kwenye nauli tangu mwanzo. Ukiihesabu kama gharama ya pembeni utashawishika kuikata, kama nilivyoshawishika mimi.

Faida ya kutotua si muda tu. Ni kwamba mzee anapanda mara moja na kushuka mara moja. Hakuna kuamshwa saa tisa usiku kwenye uwanja asioujua, hakuna foleni ya pili ya kuvua viatu na kukaguliwa, na begi halina mahali pa kupotelea.

Hapo hapo niseme la kiti cha magurudumu, maana watu hulijua wakishafika. Kiombwe wakati wa kukata tiketi, au angalau siku mbili kabla, na kwa kawaida hakilipiwi. Kuna herufi anazoandika wakala, nawe uzione zimeandikwa: WCHR ni kwa mtu anayeweza ngazi ila mwendo mrefu unamshinda, WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. Wengi huandikiwa ya kwanza bila kuulizwa. Sasa pale Mtwara unatembea uwanjani hadi ilipo ndege na unapanda kwa ngazi zake zenyewe, nyembamba. Mama yangu aliandikiwa WCHR. Akapelekwa kwa kiti hadi chini ya ngazi, basi, kazi yao ikaishia hapo. Nilimshika mkono mmoja, kijana wa mizigo mwingine, abiria wote wakisubiri nyuma yetu.

Ubaya wa safari hii, ukiacha bei, ni ihramu. Mikati, ule mpaka wa kuingilia ibada, inapitwa angani, na aliyekusudia Umra akiivuka bila ihramu, wanazuoni wengi wanasema ana mnyama wa kuchinja kama fidia. Wahudumu hutangaza, lakini ukingoja tangazo ndipo uanze kubadilisha nguo, utakuta wanaume kumi wamepanga foleni kwenye choo kisichotosha mtu kunyoosha mikono. Oga gesti, toka na shuka zako mbili mwilini, nia uweke angani. Na tafadhali, ihramu isiingie begi kubwa. Nimeona mwanamume mzima akilia kwenye kaunta ya Dar kwa sababu shuka zake zilikuwa zimeshakwenda na mkanda. Kina mama hawana shida hiyo, nguo zao za kawaida za stara zinatosha.

Ya pili: tiketi moja, kupitia Addis Ababa

Hii ndiyo ninayowapa wengi, hasa familia. Tuseme tofauti ya nauli ni laki tatu kwa kichwa. Kwa mtu mmoja na mama yake, lipa, ufurahi. Kwa watu watano ni milioni moja na nusu, na kwa mkulima hiyo ni pembejeo za msimu ujao. Hapo Addis inashinda.

Jiografia nayo inasaidia: Addis iko njiani kabisa. Dar hadi Addis ni saa tatu kasoro, Addis hadi Jeddah kama mbili. Hurudi nyuma, huzunguki. Kitu cha kuchagua ni muda wa kusubiri. Chini ya saa moja na nusu nakataa, hata kama mfumo wa kompyuta unairuhusu, kwa sababu mfumo haujui magoti ya Mama. Saa mbili hadi nne ndiyo tamu. Ikizidi saa nane, nauli iwe imeshuka sana.

Kuna mstari mwingine ambao mawakala hawausemi: saa 12. Anayerudi Tanzania akiwa amekaa uwanjani zaidi ya saa 12 katika nchi yenye hatari ya homa ya manjano anadaiwa cheti cha chanjo yake, na Ethiopia na Kenya zote zimo. Kwa hiyo ile tiketi ya bei ya kutupa yenye kulala uwanjani huko inaweza kukuongezea sindano. Hii ni mbali na chanjo ya uti wa mgongo, ambayo Saudia wanaitaka kwa kila anayekwenda Umra, na inatakiwa iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika.

Dar mkikabidhi begi, soma lebo wanayolifunga. Herufi tatu kubwa za mwisho ziwe JED. Ukiona ADD, begi linaishia Addis na hakuna atakayekuhamishia. Sema hapo hapo, kabla mkanda haujalichukua.

Jambo dogo lililomfurahisha Mama: Wahabeshi husoma saa kama sisi, jua likichomoza ni saa kumi na mbili, likipanda kidogo ni saa moja. Alimwonesha mfagiaji kifundo cha mkono, yule akanyoosha vidole vitatu, na Mama akajua ni saa tatu. Lugha hawana ya pamoja hata neno.

Ya tatu: kupitia Doha au Dubai

Ndege nzuri, chakula kizuri, viwanja vikubwa mno. Dar hadi Doha ni saa sita kasoro, halafu unageuka magharibi saa mbili na nusu na zaidi kurudi Jeddah. Yaani umeipita Makka kwa upande, ukaenda hadi Ghuba, ukarudi. Kwa kijana haina neno. Kwa mzee, kutoka lango hadi lango pale Doha ni safari nyingine, tena ina treni ndani yake.

Ina faida moja ya kweli kwa wanaume: unapata uwanja wenye nafasi wa kuoga na kuvaa ihramu ukiwa umetulia, na kutoka huko ndege hupita mikati ya Qarn al-Manazil, karibu na Taif, dakika za mwisho mwisho. Muulize shehe wako mapema njia yako inapita mikati ipi.

Angalia saa. Addis, Doha na Jeddah saa zao ni sawa na zetu, ila Dubai wametangulia kwa saa moja. Kwenye kuunganisha kwa saa mbili, saa moja si ndogo.

Ukitaka kuanzia Madina, orodha yangu inayumba. Anayetua Madina hana habari ya ihramu ndani ya ndege. Ataivaa kwenye mikati ya Dhul-Hulayfa, pale Abyar Ali, siku ya kuondoka kwenda Makka. Ndege ya kuunganisha inayotua Madina huweza kumfaa mzee kuliko isiyotua ya Jeddah. Lakini siku hizi kuna treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria 2018, ina kituo ndani ya uwanja wa Jeddah na inafika Madina kwa saa mbili hivi. Ukiwa na mzee anayeweza kukaa, bado nachagua isiyotua na treni.

Ya nne: Nairobi au Cairo. Nairobi chukua kama bei na muda vimekubali, ila saa 12 zile zile zikumbuke. Cairo ni kupanda kaskazini hadi juu kisha kushuka, sioni sababu.

Ya mwisho: tiketi zisizojuana

Mtwara–Dar kivyake, Dar–Nairobi kivyake, Nairobi–Jeddah kivyake, kila moja ya promosheni. Kwenye simu inaonekana akili. Kila kiungo ni begi la kuchukua na kukabidhi upya, na kila kuchelewa ni kwako.

Wanaoshuka Dar kwa basi siku hiyo hiyo ya ndege nawaweka kundi hili. Ni kilomita 560 hivi, na sisi tunaijua barabara yetu wakati wa mvua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata pale Kilwa, maeneo ya Somanga, mabasi yakakaa pande mbili yakitazamana. Kama ni basi, fika siku mbili kabla. Wa Lindi mjini wapige hesabu kwanza: uwanja wa Mtwara uko kilomita mia na kitu, Dar ni zaidi ya mia nne.

Kosa moja linazikumba zote tano, nalo ni la kwetu sisi Waswahili. Tiketi inasema 02:15, tarehe 9. Hiyo ni saa nane na robo usiku wa kuamkia tarehe 9. Uwanjani uwepo tarehe 8 usiku, kama saa tano hivi. Kila mwaka kuna anayefika tarehe 9 baada ya isha, amejifukiza udi, kasindikizwa na ukoo mzima.

Kurudi ni rahisi zaidi kuunganisha, kwa sababu hakuna ihramu na hakuna haraka. Ila kumbuka kipande cha mwisho. Jeddah watakupokelea kasha la maji ya Zamzam la lita tano na mabegi yako. Dar unavuka kwenda ndege ya ndani, na huko mara nyingi ni kilo 23 kwa mtu, kasha likiwemo. Mizani ya Dar ilituonesha tumezidi kilo sita. Nikapendekeza tumwachie shemeji Zamzam. Mama hakunijibu. Alifungua begi, akatoa tende zote, pakiti baada ya pakiti, akanipakia kwenye mkoba wangu wa mgongoni mpaka zipu ikagoma, akavaa majuba mawili juu ya lile alilovaa. Tukatua Mtwara saa saba mchana, jua kali, Mama kavaa majuba matatu, kasha lake likija kwenye toroli.