Bima ya umma na kifaa cha usikivu cha mwanangu: tathmini baada ya miaka miwili

Mwanangu alizaliwa Chake Chake akiwa hasikii, na alipotimiza miaka miwili na nusu alipandikizwa kifaa cha usikivu katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyoanza huduma hiyo mwaka 2017 na kuziondolea familia nyingi safari ya India. Bima ya umma ninayokatwa kwenye mshahara ililipia upasuaji pamoja na kifaa chenyewe. Naishukuru kwa dhati, kwani gharama hiyo ni makumi ya mamilioni ya shilingi, nami ni mwalimu wa skuli ya msingi.

Tatizo lilianza baada ya kidonda kupona. Sehemu ya ndani ya kifaa, yenye uzi laini ulioingizwa kwenye koklea, yaani sehemu ya ndani kabisa ya sikio, ili kuuamsha mshipa wa fahamu wa usikivu kwa umeme mdogo, hudumu miaka mingi. Ile ya nje, inayovaliwa nyuma ya sikio na kushikwa kichwani kwa sumaku, hukutana kila siku na jasho, mchanga na hewa ya chumvi ya kisiwa chetu. Waya wake mwembamba ulikatika mwezi wa nane. Nilijibiwa kwamba waya haumo katika orodha ya mafao, na kwa siku 19, mpaka nilipopata fedha za kuununua, mtoto alikaa kimya, akigusa nyuma ya sikio kila alipoona midomo yetu ikicheza.

Betri nazo hazilipiwi, wala mazoezi ya kusikiliza na kuzungumza, ambayo kwangu ndiyo matibabu yenyewe. Kifaa kinapowashwa, wiki chache baada ya upasuaji, mtoto hapati maneno, bali sauti asizozijua, ambazo ubongo wake huchukua miaka kujifunza kuzitambua. Jioni moja bibi yake alipokuwa akikuna nazi, mtoto aligeuza shingo kuitafuta sauti ile, kisha akaja kuweka kiganja chake juu ya mbuzi. Tulimrudia neno "nazi" kwa wiki tatu ndipo akalitamka. Namna ya kumfundisha tulionyeshwa na mtaalamu tuliyemlipa wenyewe.

Upasuaji naupa alama zote. Huduma inayoufuata naiona pungufu mno. Naomba waya, betri na mazoezi viingizwe katika mafao. Mzazi anayejiandaa sasa aulizie waya kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji, na awe na wa akiba nyumbani.